Amri na Ruhusa Yake

Lipo swali moja ambalo nimelibeba tangu mwaka 1998, na sikutazamia hata kidogo kwamba mjukuu wangu ndiye atakayenisaidia kulitua. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye madaraka akitunga kanuni na kuzitawanya ovyo, moja huku na nyingine kule, hata zikamwumiza asiye na kosa, je, amefanya uzembe tu au ametenda dhuluma? Kwa miaka mingi nilijijibu kwamba ni uzembe. Siku hizi sijibu hivyo tena. Namwomba msomaji anivumilie ninapoeleza sababu, kwa maana njia ya kufika huko inapitia kwenye kompyuta, chombo ambacho mimi nimekijua uzeeni.

Mjukuu wangu huyo alikuwa amemaliza kidato cha sita, yupo nyumbani kwetu hapa Mtwara akisubiri matokeo. Binti yangu, ambaye kwake ni shangazi, yumo katika kikundi cha akina mama wanaobangua korosho. Wakamwomba awatengenezee tovuti ndogo ili wateja wa mbali wawaone. Hakuwa fundi, alikuwa anajifunza mwenyewe kwa simu na kwa kompyuta ya kuazima. Tovuti ilikuwa na kurasa nne tu: wa kuwakaribisha wageni, wa kueleza korosho zao, wa bei, na wa namna ya kuwapata. Kila jioni alikaa barazani akiandika, nami nikakaa kando yake na miwani yangu, nikijifanya ninasoma gazeti.

Siku moja shangazi yake alipita, akatazama, akasema vichwa vya habari vya kijani havimpendezi. Anataka rangi ya hudhurungi, kama korosho iliyokaangwa. Nikadhani ni kazi ya dakika moja. Ikachukua jioni nzima. Kesho yake tukafungua ukurasa wa bei, na kule chini kabisa kichwa kimoja kilikuwa bado cha kijani.

"Mke wangu," nikamtania, "hicho kimoja kimegoma?"

"Hakijagoma, babu. Nimekisahau."

Hapo ndipo nilipomtaka anieleze. Akanifahamisha kwamba ukurasa wa tovuti una mambo mawili. La kwanza ni maandishi yenyewe: hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali. La pili ni mavazi ya maandishi hayo: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi za pembeni. Yeye alikuwa amekivisha kila kichwa vazi lake pale pale kilipo. Kwa hiyo kila vazi lilipobadilika ilimpasa azunguke nyumba hadi nyumba kama karani wa sensa, na nyumba moja ikamponyoka.

Dawa ya ugonjwa huo ilikwisha kupatikana kabla yeye hajazaliwa. Mnamo Oktoba 1994 Mnorwe mmoja, Håkon Wium Lie, alipokuwa akifanya kazi CERN kule Geneva, mahali pale pale ambapo Tim Berners-Lee alikuwa ameibuni wavuti, alitoa pendekezo kwamba mavazi yatengwe na maandishi. Akaungana naye Mholanzi, Bert Bos, na Desemba 1996 kanuni zao zikapitishwa rasmi kwa jina la herufi tatu, CSS. Maana ya jina hilo ni mitindo iteremkayo, kama maji yanayoshuka ngazi kwa ngazi. Unaandika mara moja tu, katika faili moja la mitindo: vichwa vyote viwe vya hudhurungi. Kurasa zote zinalisoma faili hilo na kutii. Shangazi akibadili nia, unabadili mstari mmoja.

Binti akafurahi, akatenda kama afanyavyo kila anayeanza: akazidisha. Akafanya faili la rangi, faili la herufi, faili la jedwali, faili la vitufe, na kadhalika, hata kurasa nne zikawa na mafaili manane. Nikamwuliza, "Ukitaka kujua kwa nini aya hii ina herufi nene, unatazama wapi?" Akafungua la kwanza, akafungua la tatu, akafungua la sita. Nikamwambia: "Zamani ulikuwa umetawanya nguo sebuleni. Sasa umenunua makabati manane, na bado huijui shati iliko."

Hatimaye akakusanya yote katika faili moja, akalipanga kwa mafungu yenye vichwa vyake. Juu kabisa akaweka rangi za kikundi, kila rangi ikiwa na jina. Zikafuata kanuni za jumla zinazohusu ukurasa mzima, kisha vichwa na aya, kisha sehemu moja moja kama orodha ya kurasa na jedwali la bei. Mwisho zikaja kanuni za skrini ndogo za simu. Akajifunza pia kutoziita sehemu kwa sura zake. Mwanzoni bei zilizopunguzwa alizipa jina la "nyekundu". Rangi ilipogeuzwa, jina likawa uongo. Akaziita "punguzo", yaani kwa kazi yake, na jina hilo halitachakaa. Kwa tovuti ndogo, utaratibu huo unatosha kabisa.

Laiti mambo yangeishia hapo, nisingeandika insha hii. Lakini kulikuwa na jambo la mwisho, nalo lilinikosesha usingizi.

Katika mitindo hiyo kanuni mbili zikigombana, kuna sheria ya kuamua. Ya baadaye hushinda ya kabla, lakini pale tu zinapolingana kwa umahususi. Kama mojawapo inamlenga mlengwa kwa karibu zaidi, hiyo ndiyo inayoshinda, hata kama iliandikwa zamani. Ukisema "maandishi yote ya jedwali yawe meusi", na mahali pengine ulikwisha kusema "punguzo katika jedwali liwe la hudhurungi", basi punguzo litabaki la hudhurungi. Jambo hili si geni kwa wanadamu. Tangu zama za Warumi wanasheria wameshika kwamba sheria mahususi huishinda sheria ya jumla.

Lakini kuna neno la kulazimisha. Baada ya kanuni yoyote unaweza kuandika alama ya mshangao ikifuatiwa na neno la Kiingereza lenye maana ya "muhimu". Kanuni yenye neno hilo huzikanyaga zote zisizo nalo, bila kujali ni ipi iliyo mahususi. Mjukuu wangu alikuwa na jambo fulani la jedwali lililokataa kutii, akachoka, akaandika kanuni ya jumla chini kabisa ya faili na kuibandika neno hilo. Jedwali likatii. Punguzo likatoweka, bei zote zikawa nyeusi, na mteja asingejua kipi kimeshuka bei.

"Nitaipa na punguzo neno hilo hilo," akasema.

Akaipa. Punguzo likarudi. Kwa nini? Kwa sababu kanuni zote mbili zilipokuwa na neno la kulazimisha, ushindi ulirudi kwa ile iliyo mahususi, kama ilivyokuwa mwanzo. Alikuwa amerudi pale pale alipoanzia, ila sasa kila mmoja anapiga kelele.

Nikanyamaza. Mjukuu wangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia, "La, nimekumbuka karatasi mbili."

Mwaka 1998 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu katika mwambao huu wa kusini. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nilijisifu kuwa mtu wa utaratibu. Lakini ukweli ni kwamba amri zangu zilikuwa kila mahali. Nyingine zilikuwa kwenye ubao wa matangazo nje ya bwalo, nyingine katika daftari la patroni, nyingine ukutani chumbani mwa wakufunzi, nyingine kichwani mwangu. Kila tatizo lilipozuka niliandika karatasi, nikaitia sahihi, nikaibandika palipokuwa karibu.

Mwaka 1996 niliandika karatasi ya kwanza kati ya zile mbili. Anayejua vijiji vya bonde la Ruvuma, kama Kitaya na Mahurunga, anajua kwamba mto unapojaa, njia za bondeni huwa matope na maji, na mtu hutembea alikotarajia kupanda gari. Kwa hiyo niliandika kwamba wanachuo watokao vijiji vya bonde hilo wapewe siku 7 za nyongeza kufika chuoni wakati wa mvua. Ilikuwa karatasi njema. Niliibandika chumbani mwa wakufunzi, kwa sababu wakufunzi ndio waliopokea wanachuo.

Ya pili niliiandika Januari 1998, katika msimu ule wa mvua za El Niño ambao Watanzania wengi wanaukumbuka. Nilikuwa nimechoshwa na wanachuo waliochelewa kwa sababu za harusi na ngoma. Nikaandika kwa wino mwekundu kwamba mwanachuo yeyote ambaye hatakuwa amefika siku ya kufungua, saa 12 jioni, atahesabiwa ameacha masomo. Chini yake, kwa herufi kubwa nilizozipigia mstari mara mbili, nikaongeza: HAKUNA KISINGIZIO CHA AINA YOYOTE. Hiyo niliibandika nje, kila mtu aione.

Siku ya nne baada ya kufungua alifika kijana mmoja wa mwaka wa pili kutoka bonde la Ruvuma. Alikuwa na sanduku la bati kichwani na matope hadi magotini. Makamu wangu akamleta ofisini.

"Ulilisoma tangazo?" nikamwuliza.

"Rafiki yangu alinitumia habari zake, Mwalimu. Lakini maji..."

"Neno 'lakini' halimo kwenye tangazo."

Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Ahsante, Mwalimu." Akachukua sanduku lake, akaondoka.

Ile ahsante ilinikaa. Hata hivyo nilijiambia kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba mkuu akilegeza kwa mmoja atalegeza kwa wote. Nadhani kila aliyewahi kushika funguo za ofisi amewahi kujiambia hivyo.

Mwezi Machi tulisafisha ule ubao wa chumbani kwa wakufunzi. Chini ya matabaka ya ratiba na barua nikaikuta karatasi ya mwaka 1996, imegeuka rangi, na sahihi yangu chini yake. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Hakuna aliyeifuta. Ilikuwa ingali amri halali ya chuo, tena iliyomlenga kijana yule kwa karibu kabisa; na ile nyingine, pamoja na upya wake, ilikuwa ya jumla. Kwa haki ya kawaida, ya zamani ingeshinda. Kilichoiua ni ule mstari wa herufi kubwa nilioupigia kalamu mara mbili.

Sasa nitasema nililolifanya, kwa maana insha isiyosema hilo haina faida. Niliibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni, wala sikumwambia mtu. Wiki mbili zikapita kabla sijapata ujasiri wa kutuma ujumbe kwao. Jibu likaja kwamba kijana amevuka mto kwenda Msumbiji kutafuta kazi. Nafasi yake chuoni ikabaki tupu hadi darasa lake lilipohitimu.

Nilipomaliza kumsimulia mjukuu wangu, alinyamaza kitambo. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelisoma na ambalo sikulijua. Katika mpango wa mwanzo wa mitindo ile, wa mwaka 1996, msomaji naye aliruhusiwa kuwa na kanuni zake, kwa mfano mwenye macho mabovu kutaka herufi kubwa. Lakini mwandishi na msomaji wote wawili wakitumia neno la kulazimisha, mwandishi ndiye aliyeshinda. Mei 1998 likatoka toleo la pili, nalo likaligeuza jambo hilo: tangu hapo, wote wawili wakilazimisha, neno la mwisho ni la msomaji. Sababu ilitajwa wazi. Wako watu wenye mahitaji maalumu ambao bila herufi kubwa au rangi fulani hawasomi kabisa. Mwandishi anapolazimisha, kwa kawaida analinda urembo wake. Msomaji wa namna hiyo anapolazimisha, anaomba kuingia.

Mei 1998! Miezi minne baada ya mimi kumfukuza kijana wa mtoni, watu wa mbali wasionijua walikaa chini wakaamua kwamba mwenye haja apewe neno la mwisho mbele ya mwenye madaraka. Na walikuwa wanatunga kanuni za rangi na herufi tu, si za maisha ya watu.

Msomaji anaweza kunipinga hapa. Atasema: ikiwa kila mwenye shida atakuwa na neno la mwisho, amri itakuwa na faida gani? Wale wa harusi na ngoma nao wangekuja na shida zao. Pingamizi hili ni la haki, na sitaki kulikwepa. Mimi sisemi kwamba amri zilegee. Nasema kwamba ruhusa ya kweli hutajwa mapema, hupewa mpaka, na huandikwa kando ya amri yake. Tazama funga ya Ramadhani, ambayo majirani zangu wengi hapa pwani huishika. Amri ya kufunga na ruhusa ya mgonjwa na msafiri zimo katika sura moja ya Kurani, katika aya zinazofuatana. Msafiri hahitaji kwenda kuitafuta rehema katika kitabu kingine, wala hakuna anayedhani kwamba ruhusa hiyo imeivunja funga. Imeilinda, kwa sababu amri isiyojua mtu mgonjwa itavunjwa na wagonjwa kwanza, kisha na wazima.

Kosa langu basi halikuwa ukali, wala halikuwa usahaulifu peke yake. Kila binadamu husahau. Nilipanga mambo kwa namna ambayo usahaulifu wangu ulimwangukia mtu mwingine. Amri niliiweka nje, ruhusa nikaiweka ndani. Aliyehitaji kuitegemea hakuweza kuisoma, na kwa hiyo hakuweza kunikumbusha. Mpangilio huo ulinifaa mimi. Mzigo wake ulibebwa na mwenye sanduku la bati. Hapo ndipo ninaposema kwamba fujo ya mwenye madaraka si uzembe tu. Mtu wa kawaida akivuruga vitu vyake, hasara ni yake. Mkuu akivuruga, hasara ina mwenyewe mwingine.

Nilimkuta yule kijana mwaka 2011, nikiwa nimekwisha kustaafu, kule Kilambo, mahali watu wanapovuka mto kwenda Msumbiji. Hakuwa kijana tena. Alikuwa anasimamia mizigo ya wafanyabiashara, na ndiye aliyenitambua kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Tukaulizana hali, za nyumbani na za afya. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei: "Niliambiwa baadaye kwamba karatasi yetu ilikuwapo."

"Ilikuwapo," nikasema.

"Mbona mliibandika ndani?"

Nilimwomba radhi. Akasema yamekwisha, akaniagiza nisalimie nyumbani, akarudi kwenye mizigo yake. Lakini kwamba aliniwia radhi si jibu la swali lake. Swali lake ni kubwa kuliko chuo chetu. Hata ile haki ya msomaji niliyoisifu ina ubovu huo huo: imo katika kanuni hadi leo, lakini si kila kivinjari kinampa msomaji wa kawaida mlango rahisi wa kuitumia. Ni ruhusa iliyobandikwa ndani.

Mjukuu wangu aliyafuta maneno yote ya kulazimisha, akatafuta chanzo cha jedwali kukataa kutii. Kilikuwa kanuni moja ya zamani aliyoiandika wiki ya kwanza na kuisahau. Ikafutwa, jedwali likatii lenyewe, na punguzo likabaki na rangi yake. Kanuni ya punguzo akaiweka mara tu baada ya kanuni ya jedwali, mstari chini ya mstari, ili atakayekuja kuibadili moja aione na nyingine. Ukubwa wa herufi, ambao alikuwa ameufunga kwa vipimo visivyobadilika, akauandika kwa uwiano, ili uongezeke kwa anayetaka kubwa. Mimi nimeiwekea kompyuta ile herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu. Akafungua ukurasa wa bei, akanisogezea.

"Unasoma, babu?"

Nikausoma wote, hadi mstari wa mwisho.